Taa ya Kijani Bado Haijawaka

RISALA YA KIKUNDI CHA WAOKOAJI WA GATI LA CHINI, PORT BELL, KWA BI. AOL, MKURUGENZI WA MRADI WA BOTI SAFI

Mgeni rasmi, Bi. Aol; mwenyekiti wetu, Afande Oyat; viongozi wa dini mliokwisha kutuombea; wavuvi, wachuuzi, wapagazi, na ninyi wengine mliofuata harufu ya samaki:

Sisi wanakikundi tunaapa kwanza, salamu zitafuata. Tunaapa kwa Biblia ya Santina, yenye madoa ya mafuta ya kukaangia, na kwa Kurani ya Faridah, fundi wetu wa umeme, ambayo hakuturuhusu kuigusa kwa mikono ya samaki, kwamba yote yaliyomo humu ni kweli tupu. Hakuna kilichoongezwa. Tumeona tuape mapema kwa sababu msomaji ni mimi, Makokha, katibu, mstaafu wa kupaka grisi kwenye feri za mabehewa, na watu wa hapa wananijua.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa kuwa baadhi yetu tulitoka Kenya tukifuata kazi za feri na samaki, wengine ni familia za askari kutoka kaskazini, na wenyeji wametuvumilia. Hii ndiyo lugha ambayo tunaweza kugombana ndani yake bila mmoja kumwonea mwenzake.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana Gati la Chini. Kiti ulichokalia tumekiazima kanisani. Tafadhali usiegemee upande wa kushoto.

Tunajua kilichokuleta. Barua ya ofisi yako ilisema boti ya uokoaji mliyotupa inakaa gatini zaidi kuliko inavyokwenda majini, na kwamba unakuja kuitazama kwa macho yako, halafu uamue kama itahamishiwa mwalo mwingine wa wavuvi. Hatukulaumu kwa barua hiyo. Hata sisi tukiitazama boti tunaona imefungwa kamba.

Leo lakini iko tayari. Imejaa chaji, taa yake ni ya kijani, utaiona mwenyewe. Tukimaliza kusoma tutakuvisha jaketi la kuelea na kukuzungusha ghuba yote, upite karibu na ile feri ya mabehewa, urudi kabla samaki hajapoa.

HISTORIA

Kikundi hiki kilianzishwa na watu wawili. Wa kwanza ni Afande Oyat, aliyestaafu uaskari na kukataa kurudi kwao Gulu kwa sababu, anasema, huko hakuna mtu wa kumkaripia. Wa pili ni marehemu Odera, mpiga kasia, mume wa Nerima unayemwona pale amesimama karibu na waya.

Enzi hizo tuliokoa watu kwa makasia, na siku za bahati kwa injini ya petroli ya kuazima. Ndipo mradi wako ukatuletea boti. Nyeupe, kimya, haina moshi. Chini ya benchi zimo betri mbili kubwa, na chaja imefungwa humohumo ndani ya boti kwa skrubu. Kazi yetu ni kuleta waya kutoka nchi kavu na kuchomeka. Afisa aliyekuja kuikabidhi alisimama hapo aliposimama dereva wako akasema: "Mnachomeka jioni, asubuhi imejaa."

Tulimpigia makofi. Afisa yule alikula samaki wawili.

Waya tunauvuta kutoka kibanda cha Santina, anapokaangia. Chaja ina taa tatu: nyekundu, njano na kijani. Kitabu chake kilikuja kwa lugha tusiyoijua, kina picha ya mzungu anayecheka.

Asubuhi ya kwanza haikuwa imejaa. Wala jioni yake. Mgeni rasmi, ili ujue kasi ya chaja hii tunakupa mfano ulio hai. Ikifanya kazi hupata joto, na kuku wa Santina alipogundua hilo akataga mayai juu ya mfuniko wake. Tulichomeka waya siku alipoanza kuatamia. Vifaranga walipasua mayai, wakashuka, wakaanza kula dagaa, taa ikiwa bado ya njano.

Hapa kamati ya kuandika risala ilisimama kidogo. Mimi nilikuwa nimeandika vifaranga kumi na wawili.

"Wewe Makokha," Afande Oyat akasema, "hii uongo iko kubwa kuliko boti. Andika sita."

"Afande, sita ni wachache. Mgeni hatashtuka."

"Sita. Na usiguse tena hiyo kuku."

Tumeandika sita.

MAFANIKIO

Tumevusha wanawake wenye uchungu wa kujifungua kutoka visiwani. Tumevusha watoto wenye malaria. Tulimvuta mlevi mmoja aliyetuambia hazami, anapumzika, na mbuzi wa mahari ambaye alifika harusini kabla ya bwana harusi.

Mafanikio yameishia hapo.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tunaomba sehemu hii uisikilize, simu yako ikiwa mfukoni. Wageni waliokutangulia walikuwa wakiandika, tukadhani wanaandika yetu.

Sisi ni watu wa petroli. Mtu wa petroli hajazi tangi. Anatia ya kwenda na kurudi, basi. Kesho ana mtungi wake mwingine. Gati zima tumekua hivyo, na betri nazo tukazilisha vivyo hivyo. Taa ikitoka nyekundu ikaingia njano, tulisema ya leo imetosha, tukachomoa waya, tukaondoka. Tuliporudi tulichomeka tena mpaka njano, tukachomoa. Taa ya kijani tuliiona kama pambo la wazungu. Miezi ikapita. Boti ilianza kuchoka mapema, tukadhani ni tabia yake.

Halafu ikaja ile alasiri ya Moreen. Moreen yupo hapa, ndiye aliyekushika mkono pale mlangoni. Wakati huo alikuwa kisiwani, mimba imetimia, uchungu umemshika tangu asubuhi na mtoto hatoki. Simu ikapigwa. Zamu ilikuwa ya Odera.

Nerima alikuwa kwa Santina akiparua samaki. Akamfuata mumewe mpaka kwenye boti, kisu mkononi.

"Baba Phelister, taa bado njano."

"Njano inatosha kwenda na kurudi."

"Juzi ulisema inatosha ukarudi unapiga kasia."

"Juzi kulikuwa na upepo. Sasa ningoje kijani, dada wa watu azalie kwenye mawe?"

"Sijasema ungoje. Nimesema bado njano."

"Nimesikia, mama. Niwekee kichwa, usimpe Makokha."

Alimaanisha kichwa cha samaki. Mimi nilikuwepo, na nilikuwa nimeshakitazama.

Yaliyotokea majini tumeyapata kwa Moreen mwenyewe. Kwenda walikwenda vizuri. Kurudi, boti ilipunguza mwendo, ikapunguza tena, ikanyamaza, gati likiwa linaonekana, moshi wa Santina unaonekana. Upepo ukaanza kuwasukuma nje. Odera alichomoa ubao wa benchi akapiga nao kasia mpaka ukavunjika. Moreen alikuwa amelala sakafuni akipiga kelele, na Odera akawa anamjibu kila kelele: "Tunafika, dada. Tunafika."

Hawakuwa wanafika. Odera akafunga kamba kwenye pua ya boti, ncha nyingine akaizungusha kiunoni, akaingia majini. Alitaka kuogelea mpaka kwenye magugu maji, ashike, aivute boti itulie pale. Alikuwa mwogeleaji, si kama mimi niliyefanya kazi ya feri maisha yote na nikiona beseni naomba msaada.

Boti ya kubeba mchanga iliyokuwa ikipita iliwaona. Wakampandisha Moreen, na mtoto akazaliwa juu ya mchanga, mzima, anapiga kelele kuliko mama yake. Hilo ni kweli hata bila kiapo. Kisha wakavuta kamba ya Odera. Moreen anasema wavutaji walijikaza kama watu wanaovuta mzigo, na kamba ikaja nyepesi.

Tulimpata siku iliyofuata, kwenye magugu yaleyale aliyokuwa akiyafuata.

Baada ya mazishi tulimleta Faridah, fundi wa umeme kutoka Kibuli. Alifungua benchi, akapima, akapima tena.

"Wazee wangu," akasema, "nani aliwaambia hii inajaa kwa usiku mmoja?"

"Afisa," tukajibu.

"Kila betri hapa inabeba mia mbili. Chaja inaipa kila moja kumi kwa saa. Gawanyeni."

"Saa ishirini," akasema Santina, bila kuacha kugeuza samaki.

"Hizo ni kama betri ilikuwa tupu, ni mpya, na umeme haukatiki. Na hapo bado. Mpaka njano chaja inamimina. Kutoka njano kwenda kijani inapunguza yenyewe, inatia tone tone, betri zisichemke. Ongezeni saa nyingine kadhaa. Mchana mzima na usiku mzima, halafu mnazidisha kidogo."

"Na sisi tulikuwa tunachomoa njano," akasema Afande Oyat.

"Kila siku?"

Tukatazama waya. Faridah akafunga benchi taratibu.

"Betri ya namna hii isipojazwa mpaka mwisho inaota ukoko ndani. Nafasi inapungua. Mlipewa mapipa mawili, sasa mna ndoo mbili. Njano inakuja upesi kuliko zamani kwa sababu hakuna pa kuweka, halafu inabaki njano kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Bambi, poleni, mngeniita mapema."

"Kwa hiyo siku ile," Nerima akauliza, "njano ilikuwa na kiasi gani?"

Faridah alimtazama kwanza Afande, kana kwamba anaomba ruhusa.

"Ya kwenda, dada," akasema.

Mgeni rasmi, tangu siku hiyo tuna sheria moja: boti haiondoki mpaka taa iwe ya kijani. Aliyeitunga ni Nerima, na hakuna aliyethubutu kuipinga. Umeme ukikatika, chaja haianzi yenyewe unaporudi. Lazima mtu abonyeze kitufe. Kwa hiyo tuna zamu ya chaja. Mtu anakaa kwenye kiti ndani ya boti, anatazama taa, anafukuza bodaboda zisikanyage waya, anabonyeza kitufe. Ni kazi ya kuchosha kiasi kwamba tumeifanya kuwa adhabu. Mwanakikundi akishikwa ametia chumvi mbele ya wenzake, anakaa zamu hiyo kutoka nyekundu mpaka kijani, bila kupokewa. Mimi kiti kile kimeshachukua umbo langu.

Sasa unajua kwa nini boti inaonekana gatini. Ofisi yako ilipotuma mtu wa kutazama, aliiona imefungwa, akaandika haitumiki. Alikuwa sahihi. Tangu tuzike tumepigiwa simu kutoka visiwani tukasema ngojeni taa. Mara moja walingoja. Mara nyingine waliacha kupiga, na hatukuuliza kwa nini. Tunasimama hapa mchana kweupe, waokoaji wenye majaketi mapya, tunatazama ziwa. Tukiondoka na taa ya njano tunazama. Tukingoja kijani, wanakufa wao. Tumelizungusha jambo hili katika mikutano mpaka limetushinda.

MAOMBI

La kwanza, tunaomba chaja kubwa. Faridah anasema ipo ya kutosha kufanya kazi ileile kati ya asubuhi na alasiri, ikifungwa na betri zinazoweza kuipokea.

La pili, tunaomba betri mpya. Hizi tumeziua sisi, tunakubali, lakini tuliziua kwa kutokujua.

La tatu, kama hayo mawili hayawezekani, tunaomba utuachie boti na makasia manne. Ni nzito kwa kasia, ila tuna mabega.

La nne ni kwa niaba ya watu tusiowajua. Ukiihamisha boti hii, chaja itakwenda nayo. Imefungwa kwa skrubu. Huko mwalo mwingine nao ni watu wa petroli. Watapiga makofi kama sisi. Tafadhali, siku ya kuikabidhi, asisimame mtu akawaambia wanachomeka jioni, asubuhi imejaa.

Nerima ameomba tuongeze neno moja, nasi tunaliandika kama alivyolisema: "Mwambieni sitaki sanamu wala pole. Nataka boti ibaki hapa na ifike. Ikiondoka, watu watasema alikufa kwa sababu ya kitu ambacho hata hakikuwa chetu."

Hatuna matumaini makubwa, mgeni rasmi. Hii si risala yetu ya kwanza. Tumezoea kuzisoma kama mtu anavyozoea kubonyeza kitufe kile.

SAHIHISHO

Sehemu hii imeandikwa leo asubuhi, ndiyo maana mwandiko wake umekaa vibaya.

Desturi yetu ni kwamba risala husomwa kwanza mbele ya wanakikundi. Nilipofika pale kwenye makaribisho, penye "taa yake ni ya kijani," Nerima aliinuka akaenda kwenye boti. Nikaendelea kusoma, kwa sauti kubwa zaidi. Akarudi ameshika kipande cha chupa ya soda, ile ya plastiki ya kijani, kilichokatwa duara vizuri kwa mkasi.

"Mzee Makokha, hii ni nini?"

"Chupa."

"Ilikuwa inafanya nini juu ya taa?"

"Inazuia vumbi."

"Wewe Makokha," akasema Afande Oyat.

Nikajitetea. Nikasema mgeni akiona kijani atapanda. Akipanda atasikia ilivyo kimya, upepo utampiga usoni, ataipenda, na mtu hahamishi kitu alichokipenda. Nikasema ni mzunguko mfupi tu. Njano inatosha kwenda na kurudi.

Hilo la mwisho lilinitoka kabla sijalisikia. Santina aliacha kukaanga.

Nerima hakupandisha sauti. "Na ikizima na mgeni katikati," akasema, "nani atafunga kamba kiunoni? Wewe?"

Mgeni rasmi, nimesema uongo mwingi gatini hapa, na kila mmoja niliuokoa kwa uongo mwingine. Huo sikupata mwingine wa kuuokoa.

Kwa hiyo tunasahihisha. Taa ya boti ni ya njano. Mzunguko wa ghuba umefutwa. Kuku wa Santina hakuatamia. Alilala tu pale kwa ajili ya joto, na vifaranga sita tuliokubaliana ni sifuri. Niliomba nifute maneno yote mabaya na kukuandikia risala safi. Nerima akakataa. Alisema uongo wa kijani ubaki palepale ulipo, uusikie kwanza, uupokee, ujue jinsi ilivyo rahisi kumpandisha mtu boti.

Ikiwa ulikuwa umeshaanza kutafuta pa kuweka viatu vyako ili upande, basi umejua.

Adhabu yangu inaanza mara nikiweka karatasi hii chini. Samaki sitakula nanyi. Kichwa nilichokuwa nimekitazama atapewa Phelister, mtoto wa Odera. Nakwenda kwenye kiti, nakaa mpaka kijani cha kweli, na kwa umeme wa wiki hii sijui kama ni kesho au ni kesho kutwa.

Mgeni rasmi, ofisi yako inataka kujua chaja hii inachukua muda gani. Faridah ametupa hesabu, nasi tumekupa, lakini hesabu peke yake haitoshi. Kwenye boti kuna kiti cha pili. Kilikuwa cha Odera. Nerima amesema unaweza kukikalia, ungoje nami.

Mungu ailinde nyumba yako, akupe kazi usiyoijutia, na siku utakayoondoka hapa akufikishe salama kwa njia ya nchi kavu.

Ni sisi,
Kikundi cha Waokoaji wa Gati la Chini, Port Bell.

Imesomwa na Makokha, katibu, ambaye sasa yuko zamu.